Nyanya za Kopo na Mashina ya Shangazi

Kilichokataa kwanza ni viatu. Fundi Lifti alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi nyeusi, vya kutokea, na asubuhi ile aliketi ukingoni mwa kitanda akisukuma mguu, akivuta ulimi wa kiatu, akisukuma tena, na mguu ukagoma kuingia. Mwishowe akamwita bintiye.

"Njoo uone maajabu. Viatu vimenywea."

Binti akatoka jikoni akifuta mikono. Hakuangalia viatu. Aliangalia vifundo vya miguu ya baba yake, vilivyojaa na kung'aa kama vimepakwa mafuta. Akapiga goti, akabonyeza kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki palepale, kama kwenye donge la unga.

"Si viatu, Baba."

"Ni nini basi?"

Hakujibu, kwa sababu hakujua, na kwa sababu alikuwa anangoja lile shimo lifutike. Lilichelewa kuliko alivyotaka.

Kazini kwake binti huyu aliitwa Lebo, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata baba yake alilitumia akiwa na furaha. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika nyanya, mwisho kabisa wa mstari, pale makopo yanapotoka yakiwa bado na uvuguvugu na mashine ikiyavisha karatasi. Kazi yake ilikuwa kutazama. Kopo lililovaa karatasi upande, analitoa. Lililobonyea, analitoa. Lililovimba, hata kama kifuniko kimeinuka kidogo tu kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, hilo alilishika kwa mikono miwili na kulitia kwenye ndoo yenye mfuniko, maana ndani ya kopo lililovimba pana kitu kinachoishi.

Kutazama karatasi hizo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, kulimfanya awe msomaji wa aina yake. Vitabu hakuvigusa, lakini dukani alisimama mbele ya rafu akageuza kila pakiti kutafuta maandishi madogo ya mgongoni: sukari kiasi gani, chumvi kiasi gani, mafuta ya namna gani. Wenzake walimtania kuwa Lebo akitumwa biskuti harudi mpaka ameujua ukoo wa biskuti. Yeye alicheka nao, ila aliamini kwa dhati kwamba mtu akisoma vizuri hadanganyiki.

Waliishi wawili, yeye na baba yake, kwenye nyumba ya chini ya jengo la ghorofa, tangu mama alipofariki. Na kuishi ni neno kubwa, walikuwa wanapishana tu. Lebo alitoka baba akiwa bado amelala, akala kantini, akarudi na kukuta sahani ya mzee imeshaoshwa na kuinamishwa pembeni ya sinki. Meza ya chakula ilikuwa imegeuka mahali pa kuwekea funguo na soksi zisizo na wenzake. Hawakuwa wamegombana. Ni vile tu kwamba mama ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba yao wote, na alipoondoka, kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa kukutazama machoni kabla ya kukupa habari mbaya. Alisoma majibu ya damu, akayasoma tena.

"Figo za mzee zimechoka," alisema. "Presha imezila polepole, kwa miaka mingi, bila kelele."

"Zimechoka kiasi gani?" Lebo akauliza.

"Zinajikongoja. Sehemu iliyoharibika hairudi, ila tunaweza kuitunza hii iliyobaki. Kuna vidonge. Chumvi ipungue sana. Na sukari pia, maana imeanza kupanda."

Fundi Lifti akajaribu mzaha. "Daktari, mimi maisha yangu yote nimepandisha watu ghorofani kwa lifti mbovu kuliko hizi figo. Na hakuna aliyeanguka."

Daktari akatabasamu kwa midomo tu, macho hayakushiriki. Lebo aliliona hilo, na njiani kurudi nyumbani hakuweza kulitoa kichwani.

Habari zilimfikia Shangazi siku hiyohiyo. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa mzee, mwanamke mfupi, mkavu, aliyemlea mdogo wake tangu walipobaki yatima na ambaye hadi leo alimshika kidevu akitaka kumtazama vizuri. Alifika na begi moja la nguo na kikapu cha mitungi ya kioo. Ndani ya mitungi mlikuwa na kitu chekundu, kizito, kilichopondeka: rubarbi, mmea ule wa mashina marefu mekundu, machachu kushinda ndimu, unaochemshwa kwa sukari hadi uwe kama jamu laini. Majani yake hayaliwi, yana sumu. Mashina ndiyo chakula, na nyumbani kwao hakuna aliyeita jina lake kamili. Waliita mashina tu. Shangazi aliyapanda kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, uani kwake, na aliyaheshimu kuliko majirani.

"Mama yetu alitukuza kwa haya," alisema, akipanga mitungi kwenye friji bila kumwomba mtu ruhusa. "Yanasafisha tumbo, yanasafisha damu. Mdogo wangu atakula bakuli asubuhi na bakuli jioni, na hiyo miguu itarudi ilikotoka."

Lebo alichukua mtungi mmoja, akaugeuza kwa mazoea atafute maandishi. Hakukuwa na karatasi. Akafungua, akaonja kwa ncha ya kijiko, na utamu ukamkaba kooni.

"Shangazi, umetia sukari kiasi gani humu?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

"Ya kutosha mpaka mtu aweze kumeza. Bila sukari nani atayala? Mbuzi?"

"Na daktari amesema sukari ipungue."

"Daktari amesema. Daktari amemjua mdogo wangu lini?"

Mzee alikuwa mezani, kijiko tayari mkononi, akiwatazama kwa zamu. "Jamani," alisema, "mimi hapa ni mlaji au ni refa?"

Jioni iliyofuata Lebo alirudi kutoka kiwandani na mfuko wa makopo. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua yaliyobonyea kidogo, na yeye aliyachagua kama mtu anayechagua mayai: yasiyotiwa chumvi tu, yenye mbonyeo wa ubavuni tu, mbali na mshono. Akaondoa funguo na soksi mezani, akapangusa, akaweka kopo moja kulia na mtungi mmoja kushoto.

"Shangazi, kaa tulinganishe kwa haki. Mimi sikuchukii, wala siyachukii mashina yako."

Shangazi akakaa, mikono kifuani.

"Bakuli la mashina yaliyopikwa hivi, nishati yake karibu yote ni sukari ya dukani. Shina lenyewe halina utamu. Bakuli kama hilohilo la nyanya lina sukari yake ya kuzaliwa nayo, kidogo sana, na nishati yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo ya kwako. Vitamini C, nyanya zinashinda, maana mashina yakichemka sana inapungua. Ile rangi nyekundu ya nyanya inasemekana inalinda moyo. Na chumvi hakuna, soma hapa."

"Mashina yana madini ya chokaa. Ya mifupa. Hilo nalijua."

"Yanayo mengi, kweli. Lakini yamefungwa na uchachu wa mashina yenyewe, yanapita mwilini bila kushika."

Shangazi akanyoosha kidole kimoja chembamba, akaligusa kopo pale lilipobonyea.

"Hiki kimekaa gizani muda gani?"

"Mwaka, labda. Linaweza kukaa hata zaidi."

"Chakula kinachokaa gizani mwaka mzima kisioze, mimi nakiogopa. Mashina yangu yakiharibika nayaona. Hiki kikiharibika kitaniambia nini?"

"Kitavimba."

Chini ya meza, miguu ya mzee ilikuwa kwenye ndala, kwa kuwa viatu bado vilikuwa haviingii.

Lebo alishinda, kwa sababu alikuwa na hoja na kwa sababu jiko lilikuwa lake. Mitungi ikasukumwa nyuma kabisa ya friji. Kuanzia siku ile kukawa na nyanya na vitunguu, nyanya na mayai, nyanya na maharage, nyanya na samaki. Alizikausha jikoni mpaka zikawa nzito, kwa kuwa mzee alizipenda hivyo. Maji ya kopo hayakumwagwa: aliyamimina kwenye glasi, na mzee akayanywa kabla ya kula, akilamba midomo.

Kukatokea jambo ambalo hakulitarajia. Wakaanza kula pamoja. Lebo aliacha chakula cha kantini, akawa anakimbia nyumbani zamu ikiisha, akimenya vitunguu huku koti likiwa bado mwilini, na mzee akawa anakaa jikoni kwenye kigoda akimsimulia. Alimsimulia kuhusu bibi arusi aliyekwama kwenye lifti na keki yake, na jinsi yeye mwenyewe alivyoteremka kwa kamba akakuta nusu ya keki imeliwa. Lebo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo ndani ya nyumba ile. Hata Shangazi, aliyekula pembeni na uso wa kununa, alitikisika mabega.

Na miguu ikapungua. Vidonge ndivyo vilivyofanya kazi hiyo, lakini asubuhi mzee alipovaa viatu na kutembea sebuleni akivigonga sakafuni kama askari, Lebo alimgeukia Shangazi.

"Unaona?"

"Naona," Shangazi alisema. Lakini alikuwa hatazami viatu. Alikuwa anatazama uso wa mdogo wake, uliokuwa na rangi ya majivu.

Walirudi hospitali kwa damu nyingine kuchukuliwa. Daktari hakuwapo. Aliyekuwa zamu akasoma majibu, akaguna, akasema mzee aende chumba cha pili kumwona mtaalamu wa lishe, na binti apange foleni ya dawa kabla dirisha halijafungwa. Lebo alipotoka dirishani na mfuko wa vidonge, baba yake alishamaliza, ameketi kwenye benchi la ukumbini akitazama sakafu.

"Amesemaje?"

"Yaleyale," mzee alisema. "Chumvi na sukari."

"Hakuna kingine?"

"Wewe nawe! Yaleyale." Akasimama, akajishika ukuta kidogo. "Twende. Nina njaa. Leo tunakula nini?"

Wiki zilizofuata zilikuwa na kitu ambacho Lebo alikihisi bila kukipa jina. Mzee alianza kuangusha vijiko. Alisema vidole vimekufa ganzi, kama amelalia mkono. Kisha akasema midomo inamchezacheza, kama wadudu wanatembea. Alikaa dirishani muda mrefu bila redio. Siku moja Lebo alimkuta ameweka kiganja kifuani, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akifanya zamani akisikiliza mota ya lifti nyuma ya ukuta.

"Unasikiliza nini, Baba?"

"Hakuna. Kuna kitu kinaruka."

"Kinaruka vipi?"

"Kinapiga, halafu kinasahau." Akatoa mkono haraka. "Uzee tu huo. Weka chakula."

Lebo aliongeza nyanya. Alidhani ni udhaifu, na nyanya zilikuwa dawa yake. Shangazi naye alikuwa anaranda nyumbani kama mtu aliyepoteza sindano, akifungua friji, akifunga, akimtazama mdogo wake kisha akitazama pembeni. Usiku Lebo alimsikia akinong'ona maombi upande wa pili wa ukuta, na jina la mzee lilitajwa tena na tena.

Jumapili mchana, jua likiwa kali madirishani, walikuwa mezani watatu. Mzee alikunywa glasi yake, akala sahani yake, akasifu. Akasimama aende kunawa. Miguu ikakunjika chini yake kana kwamba mtu amekata nyuzi, akaenda chini pamoja na kiti.

Hakupoteza fahamu, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Alilala sakafuni macho wazi, akiwaangalia, akijaribu kuinua mkono na mkono usiitike. Lebo akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulipiga. Ukangoja. Ukapiga mara mbili kwa pupa, kisha ukangoja tena, kimya kirefu kiasi kwamba Lebo alijikuta naye ameshika pumzi.

"Mwite jirani!" akapiga kelele. "Shangazi, mwite wa juu, yule mwenye gari!"

Jirani wa juu alikuwa mwalimu wa udereva. Alimbeba mzee mgongoni mpaka nje, wakamlaza kiti cha nyuma cha gari lenye pedali pande zote mbili na kibao kikubwa cha MWANAFUNZI juu ya paa. Barabarani magari yaliwapisha kwa dharau, madereva wakicheka na kupunga mikono, wakidhani mwanafunzi amechanganyikiwa. Lebo alikuwa amempakata baba yake kichwa. Aliwaona wakicheka kupitia kioo, na akatamani kuteremka awashike mashati mmoja mmoja.

Hospitali walimchukua mbio. Milango ikafungwa. Shangazi na Lebo wakabaki kwenye ukumbi wenye harufu ya dawa ya kupigia deki, wameketi bega kwa bega, hawatazamani.

"Mwanangu," Shangazi alisema baada ya muda mrefu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Usiseme hivyo."

"Kila ukienda kazini nilikuwa nampa mashina. Mitungi ile ya nyuma ya friji haina kitu. Nilijaza maji yenye rangi usijue. Alikula bila kuchoka, akaniambia, dada, usimwambie mtoto."

Lebo alimgeukia, mdomo wazi. Kabla hajajua kama alitaka kulia au kugomba, mlango ukafunguliwa na muuguzi wa zamu akatoka, mwanamume mnene, mpole, jasho likimtiririka.

"Yuko hai," alianza nalo hilo. "Tumempa dawa ya kutuliza moyo, na sasa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Potasiamu yake ilikuwa juu mno. Dakika chache zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

"Potasiamu ni nini?" Shangazi akauliza.

"Ni madini, mama. Yamo kwenye vyakula vingi, na kwa mtu mwenye afya hayana neno, figo huyatoa kwenye mkojo. Figo zikichoka, yanabaki kwenye damu, na yakizidi, moyo unasahau kupiga. Amekuwa akila nini?"

Lebo alisikia midomo yake mwenyewe ikijibu. "Nyanya. Za kopo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na maji yake."

Muuguzi alifumba macho kidogo.

"Sikuona kwenye karatasi," Lebo alisema. "Nilisoma yote. Chumvi, sukari, mafuta, vitamini. Potasiamu haikuandikwa."

"Kwenye makopo mengi haiandikwi, dada. Lakini mzee aliambiwa. Mtaalamu wa lishe wetu alikaa naye hapa, nilikuwepo. Alimwambia aache nyanya kabisa, hasa za kopo, hasa zilizokaushwa, na juisi yake asiiguse. Mzee akarudia maneno yote vizuri, neno kwa neno. Akatuambia atawaeleza nyumbani."

Siku mbili baadaye, alipohamishiwa wodini, Lebo aliketi pembeni ya kitanda chake. Mkononi mwa mzee mlikuwa na mirija iliyofungwa kwa plasta. Uso ulikuwa umerudiwa na rangi kidogo. Shangazi alikuwa ameenda kutafuta chai.

"Ulijua," Lebo alisema.

Mzee alitazama dari.

"Baba, ulijua. Nilikuwa nakumiminia sumu kwenye glasi, nakutazama unainywa, na ulijua."

"Walisema ipungue."

"Walisema uache."

Mzee akasema polepole, kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga, "Tangu mama yako aondoke, ulikuwa unapita humo ndani kama mpangaji. Sikulaumu, nami nilikuwa hivyohivyo. Halafu ukaanza kuja mapema. Unamenya vitunguu, unacheka. Ningesema nyanya ni mbaya, ungeacha kupika. Ungerudi kantini."

"Ningepika kingine!"

"Sikujua hilo."

"Ungeniuliza!"

"Na dada yangu naye," mzee aliendelea, "ana nini tena duniani zaidi ya yale mapipa yake? Nikamlia mashina yake. Nikakulia nyanya zako. Nikasema mwili utavumilia. Lifti unaipakia zaidi ya uzito wake mara moja, mara mbili, inavumilia."

Lebo alilia pale kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukuta kumpa faragha.

Kabla hawajaruhusiwa, mtaalamu wa lishe aliwaita wote watatu. Alikuwa kijana mwenye miwani, na hakuwagombeza. Shangazi ndiye aliyeuliza, mikono imekunjwa mapajani kama mshtakiwa.

"Kati ya mashina yangu na makopo yake, kipi kilimwangusha?"

"Makopo," kijana alisema. "Ukilinganisha bakuli kwa bakuli, nyanya za kopo zina potasiamu mara mbili ya mashina yaliyopikwa kwa sukari, au zaidi. Zikikaushwa, zaidi tena."

Shangazi hakuonyesha furaha yoyote. "Basi mashina ni salama."

"Hapana, mama. Yana sukari nyingi, hilo mmeshalijua. Na ule uchachu wake una asidi inayoganda kama mchanga ndani ya figo. Kwa mtu mwenye figo nzima, bakuli moja moja halina tatizo, na nyanya ni chakula kizuri kuliko vingi. Lakini kwa huyu mzee, kimoja kilikuwa kinapiga moyo na kingine kinamalizia figo."

Mzee alikohoa. "Kwa hiyo hakuna aliyeshinda," alisema, na hakuna aliyecheka.

Shangazi alirudi kwake mara moja tu. Jirani yake alisimulia baadaye kwamba alimwona uani, kanga imefungwa kiunoni, aking'oa mashina kutoka kwenye mapipa kwa mikono, mizizi na udongo vikiruka, hadi mapipa yakabaki matupu. Hakutaka msaada. Kisha akahamia kwa mdogo wake moja kwa moja.

Figo hazikurudi. Nguvu iliyobaki ilimalizika msimu ule, na mzee akawa mtu wa mashine, asubuhi tatu za kila wiki kwenye chumba kirefu chenye viti vya kuegemea vilivyopangwa dirishani. Lebo aliomba zamu ya mchana ili ampeleke. Nyumbani alipika. Alipika wali mweupe na kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa, alipika nyama kidogo, na wote watatu walikula chakula hichohicho, bila ladha, bila malalamiko. Lakini hakusoma tena nyuma ya pakiti kwa moyo ule wa zamani. Alisoma kama mtu anayepekua mifuko ya mgeni. Kila alichokiinua kwa kijiko kumpa baba yake, alikisitisha kidogo hewani, na mzee akafungua mdomo na kungoja, akimtazama, hadi mkono wa bintiye uamue.

Kiti cha jirani na mzee pale kwenye chumba cha mashine kilikuwa cha fundi viatu mmoja, mtu wa maneno mengi, ambaye alikuwa akibishana naye juu ya mpira tangu sindano inapoingia mpaka inapotoka. Alikuwa na tabia ya kula kwa siri machungwa, nayo yenye potasiamu tele, maganda anayaficha kwenye mfuko wa koti, na mzee alikuwa akimsema.

Asubuhi moja walipofika, kiti kile kilikuwa kimefunikwa shuka safi. Mashine yake imezimwa. Wauguzi walipita mbele yake bila kukiangalia, na wagonjwa wengine wote walikuwa wametazama nje, kwenye maegesho, ambako hakukuwa na cha kutazamwa.

Lebo alimsaidia baba yake kuvua koti. Muuguzi akamfunga mkono, akawasha mashine, damu ikaanza kuzunguka kwenye mrija, nyekundu nzito. Mzee aliifuata kwa macho hadi ilipoingia mashineni.

"Kaa hapo," alimwambia bintiye, akionyesha kwa kidevu kiti kilichofunikwa.

"Baba, si changu."

"Najua. Kaa tu kidogo."

Akakaa ukingoni, mkoba mapajani, shuka likikwaruza nyuma ya magoti. Lilikuwa bado na ubaridi wa kabatini. Mzee akafumba macho, akapapasa hewani, na Lebo akamnyooshea mkono akaushika. Walikaa hivyo mpaka mlango ukafunguka na muuguzi akaingia akimwongoza mwanamke mgeni, miguu imevimba, aliyevaa ndala, akitazama viti kimoja kimoja akitafuta cha kwake.

Lebo akasimama, akalinyoosha shuka, akampisha.